Namna ya kusoma takwimu za wahamiaji hatua kwa hatua

Novemba 2023 ofisi ya takwimu ya Uingereza ilitangaza kwamba katika mwaka ulioishia Juni 2023, watu walioingia kuishi nchini humo waliwazidi walioondoka kwa 672,000. Mei 2024 hesabu ya kipindi hicho hicho ikapanda hadi 740,000. Novemba 2024 ikawa 906,000. Hakuna mtu aliyerudi nyuma akaingia Uingereza mwaka uliokwisha kupita. Walibadilisha taarifa walizotumia na namna ya kukadiria, basi. Na hiyo ni nchi ya visiwani, yenye viwanja vya ndege vinavyosoma kila pasi na bajeti ya takwimu ambayo nchi zetu zinaweza tu kuiota.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi anayeandika tasnifu, mtu wa asasi anayeandaa ripoti, na yeyote anayetumiwa kwenye kundi la WhatsApp namba ya "wahamiaji waliojaa" mahali fulani. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Ya pili na ya nne ndizo zenye kazi kubwa. Nyingine ni za dakika chache.

Hatua ya 1: Ulizia kama ni waliopo au waliopita mlangoni

Kuna hesabu mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni idadi ya waliopo: siku fulani, ndani ya nchi fulani, wahamiaji walikuwa wangapi? Ya pili ni mtiririko: ndani ya mwaka fulani, wangapi waliingia kuishi na wangapi waliondoka? Umoja wa Mataifa unaposema dunia ilikuwa na wahamiaji wa kimataifa milioni 304 katikati ya 2024, unasema waliopo. Humo yumo aliyehama juzi na yumo bibi aliyehama mwaka 1958. Haina maana kwamba watu milioni 304 walihama mwaka huo.

Fikiria gesti. Daftari la mapokezi linaonyesha walioingia; kugonga mlango wa kila chumba usiku kunaonyesha waliolala. Na kama kila gesti, wapo wanaoondoka alfajiri bila kuaga wala kurudisha ufunguo, kwa hiyo daftari halikosi kuwaonyesha wageni ambao hawapo tena. Tatizo hili la wasioaga litarudi katika hatua ya nne.

Ukikuta neno "uhamiaji halisi", ni mtiririko wa aina yake: walioingia ukiondoa waliotoka. Namba hiyo inaweza kuwa ndogo huku watu wengi sana wakihama pande zote mbili. Inaweza pia kupanda mwaka ambao walioingia wamepungua, ikiwa walioondoka wamepungua zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta nani ameitwa mhamiaji

Sheria ya kimataifa ina tafsiri ya mkimbizi tangu Mkataba wa 1951. Mhamiaji hana tafsiri moja inayozifunga nchi zote. Kila ofisi ya takwimu inachagua kipimo chake, na vinavyotumika zaidi ni vitatu: mahali pa kuzaliwa, uraia, na aina ya kibali. Mtu mmoja anaweza kuwa mhamiaji kwa kipimo kimoja na asiwe kwa kingine, bila kusogea hata hatua moja.

Mfano ulio karibu nasi ni Oman. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilizokuwa zimeishi Unguja, Pemba na Mombasa zilirudi huko, baadhi zikiwa zimeondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Mpaka leo Maskati utasikia Kiswahili sokoni na barazani. Mchukue mama wa aina hiyo, mzaliwa wa Unguja mwenye uraia wa Oman. Ukihesabu kwa mahali pa kuzaliwa, ni mhamiaji. Ukihesabu kwa uraia, ambacho ndicho kipimo cha nchi nyingi za Ghuba, ni Mwomani kama Waomani wengine. Sasa mchukue kijana aliyezaliwa Maskati, wazazi wake wakiwa wafanyakazi kutoka India au Bangladesh. Kwa mahali pa kuzaliwa si mhamiaji kabisa. Kwa uraia ni mgeni, na huenda akabaki kuhesabiwa mgeni maisha yake yote, maana uraia wa Ghuba haupatikani kwa kuzaliwa pale tu. Kwa hiyo ukiweka namba ya Oman kando ya namba ya Kenya kwenye jedwali moja, jua unalinganisha vipimo viwili tofauti.

Ufaransa wana kipimo cha peke yao. Kwao mhamiaji ni mtu aliyezaliwa nje ya Ufaransa akiwa si Mfaransa. Akipata uraia baadaye, bado anahesabiwa mhamiaji. Mfaransa aliyezaliwa Algeria enzi za ukoloni hahesabiwi. Ndiyo maana kwa mwaka 2020 ofisi ya takwimu ya Ufaransa, INSEE, ilitaja wahamiaji takriban milioni 6.8, wakati jedwali la Umoja wa Mataifa, linalohesabu wote waliozaliwa nje, lilionyesha takriban milioni 8.5. Hapo hakuna aliyedanganya.

Kisha kuna Mayotte, kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa na kufanywa mkoa wake kamili mwaka 2011. Sensa ya 2017 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi si raia wa Ufaransa, wengi wao wakiwa Wakomoro. Lakini theluthi moja ya hao "wageni" walizaliwa papo hapo Mayotte. Mtu anayesema "nusu ya Mayotte ni wahamiaji" amechukua kipimo cha uraia akakisoma kama kipimo cha safari. Theluthi ile haijavuka bahari yoyote.

Marekani, angalia ni idara ipi inayozungumza. Kwa idara ya usalama wa ndani, mhamiaji ni mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi. Mwanafunzi kutoka Arusha aliyeko Ohio kwa viza ya masomo kisheria si mhamiaji, hata akikaa miaka sita. Ofisi ya sensa ya nchi hiyo hiyo inamhesabu katika wazaliwa wa nje, pamoja na wasio na karatasi inaowafikia. Kanada nao, katika takwimu zao, hutenga "mhamiaji" mwenye ukaazi wa kudumu na mkaazi wa muda, wakiwemo wanafunzi na wafanyakazi wa mkataba. Sensa yao ya 2021 ilihesabu wahamiaji milioni 8.3, sawa na asilimia 23, na wakaazi wa muda hawamo kwenye namba hiyo.

Usisahau pia mipaka inayohama badala ya watu. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991, Mrusi aliyehamia Kazakhstan miaka ya 1960, ambaye siku zote alikuwa amehama ndani ya nchi yake, aliamka akiwa mhamiaji wa kimataifa. Mamilioni waliingia kwenye takwimu kwa njia hiyo. Kwetu huku, Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, mtu aliyezaliwa Juba akaishi Khartoum alipitia jambo hilo hilo.

Kwa vitendo: kabla ya kuandika chochote, tafuta kwenye maelezo ya chini ya jedwali maneno kama "waliozaliwa nje" au "raia wa kigeni". Usipoyaona, bado hujui umeshika nini.

Hatua ya 3: Angalia muda

Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya 1998 yanasema mhamiaji wa muda mrefu ni mtu aliyehamia nchi isiyo ya makazi yake ya kawaida kwa angalau miezi 12. Kuanzia miezi 3 mpaka chini ya 12 ni mhamiaji wa muda mfupi, isipokuwa kama amekwenda likizo, kutembelea ndugu, kibiashara, kutibiwa au kuhiji. Anayevuka Namanga asubuhi kuuza nyanya na kurudi jioni hayumo. Mwaka 2021 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliridhia mfumo mpya unaotenganisha wazi zaidi uhamiaji na mizunguko mingine ya mpakani, kama wafanyakazi wa msimu.

Hayo ni mapendekezo. Nchi zinafanya zinavyoweza. Sweden inamwandikisha mtu kwenye rejesta ya wakazi akitarajiwa kukaa mwaka mmoja au zaidi. Ujerumani, aliyehamia nyumba anatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili, na takwimu zao za kitaifa zimekuwa zikihesabu maandikisho hayo bila kudai mwaka mzima. Mwanafunzi wa miezi sita anahesabiwa. Tena wanahesabu mienendo, si vichwa: mtu akiingia, akatoka, akaingia tena mwaka huo huo, ni waingiaji wawili. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2007 kuzitaka nchi wanachama zitoe takwimu kwa kipimo cha miezi 12, kwa hiyo kuna namba ya Ujerumani ya nyumbani na namba ya Ujerumani ya Brussels, yaani ile inayopelekwa Umoja wa Ulaya. Ukilinganisha nchi, chukua ya Brussels.

Swali jingine hapa ni kama wanahesabu nia au kilichotokea. Ukimuuliza msafiri uwanjani "unakusudia kukaa muda gani?", atakujibu analofikiri siku ile. Australia tangu 2006 wanasubiri waone: mtu anahesabiwa akiwa amekuwapo nchini jumla ya miezi 12 ndani ya kipindi cha miezi 16, na safari fupi za nje hazimfuti. New Zealand nao wanatumia kanuni hiyo ya 12 ndani ya 16. Ni kanuni safi, nadhani iliyo bora kuliko zote, ila lazima usubiri. Namba ya mapema ni makadirio, kisha inarekebishwa muda ukitimia.

Hatua ya 4: Fuata namba mpaka kwenye chanzo chake

Hapa ndipo makosa makubwa yanapozaliwa. Vyanzo ni vichache, na kila kimoja kina upofu wake.

Sensa. Tanzania na Kenya huhesabu waliolala nchini usiku wa sensa, yaani usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 kwa Tanzania na wa kuamkia 25 Agosti 2019 kwa Kenya. Mtalii aliyelala hotelini Nungwi usiku ule naye alihesabiwa. Kwa hiyo usichukue kila asiye raia kwenye sensa ukamwita mhamiaji. Tafuta jedwali la makazi ya kawaida. Uzuri wa sensa ni kwamba inamfikia hata asiye na kibali, almradi amfungulie karani mlango. Ubaya wake ni kwamba huja baada ya miaka kumi, na inamhesabu aliyepo tu. Kuhusu waliokwenda ughaibuni, Kenya mwaka 2019 iliwauliza wanakaya juu ya wenzao waliohamia nje. Njia hiyo inafanya kazi pale ambapo kuna aliyebaki nyumbani wa kujibu. Familia iliyofunga nyumba Kisumu na kwenda yote Texas haina wa kuisemea.

Rejesta za wakazi. Ulaya bara wanazipenda, na kwa walioingia ni nzuri sana, kwa sababu bila kujiandikisha hufungui akaunti wala kupata daktari. Kujiondoa hakuna faida yoyote, kwa hiyo watu hawajiondoi. Matokeo yake yalionekana Ujerumani kwenye sensa ya 2011: nchi ilikuwa na watu takriban milioni 1.5 pungufu ya walivyodhani, na katika hao milioni 1.1 ni raia wa kigeni ambao walikuwa wameshaondoka zamani huku majina yao yakiendelea "kuishi" kwenye makabrasha. Hispania, ambako hata asiye na kibali anaruhusiwa kujiandikisha manispaa, waliweka sharti: mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya asiye na ukaazi wa kudumu ahuishe usajili wake kila miaka miwili, la sivyo anafutwa. Idadi inayoshuka ghafla Hispania inaweza kuwa ni ufutaji huo tu.

Dodoso la mipakani. Uingereza walitegemea kwa miongo mingi usaili wa wasafiri bandarini na viwanja vya ndege ulioanza 1961. Ulibuniwa kwa ajili ya utalii na matumizi ya fedha za wasafiri. Walisailiwa mamia ya maelfu ya watu kwa mwaka, lakini waliokuwa wanahama kweli ndani yao walikuwa maelfu machache tu, na kwa hao wachache ikapigwa hesabu ya taifa zima. Nchi nane za Ulaya Mashariki na Kati zilipoingia Umoja wa Ulaya pamoja na nyingine mbili Mei 2004, Wapolandi walikuja kwa ndege za bei nafuu kupitia viwanja vidogo kama Luton na Stansted, wakati wasaili wengi walikuwa Heathrow na Gatwick. Sensa ya 2011 ilipofanyika, England na Wales zilikutwa na watu 464,000 zaidi ya makadirio, sehemu kubwa ikiwa wahamiaji hao. Usaili ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, na takwimu za uhamiaji zikahamishiwa kwenye kumbukumbu za viza, kodi na mafao. Mabadiliko yale ya 672,000 hadi 906,000 yanatoka kwenye mfumo huu mpya, ambao unaendelea kujifunza.

Vibali. Idadi ya vibali si idadi ya watu: kuna anayepewa kibali asisafiri, kuna anayehuisha kila mwaka akaonekana mpya. Ghuba, ambako ukaazi umefungwa kwa mwajiri chini ya kafala, kumbukumbu za vibali ni nyingi na za haraka. Oman ilifanya sensa yake ya 2020 kwa kuunganisha kumbukumbu za serikali badala ya kutuma makarani, ikapata watu takriban milioni 4.47, wageni wakiwa karibu asilimia 39. Lakini dada wa kazi aliyetoroka kwa bosi wake anadondoka kwenye kumbukumbu hizo hali bado yuko nchini.

Marekani hawana daftari la wanaohama kutoka nchini. Ukusanyaji wa takwimu za waondokao ulikoma 1957. Kila namba ya walioondoka Marekani ni makadirio. Hata ile ya wasio na karatasi hupatikana kwa kutoa: chukua wazaliwa wa nje wote kwenye dodoso la kaya, ondoa walio na hadhi halali, kinachobaki ndio hao. Ukiona mtu amekuandikia idadi yao hadi tarakimu ya mwisho, mtilie shaka.

Hatua ya 5: Iulize nchi ya upande wa pili

Nchi hujua walioingia kuliko waliotoka. Ukitaka Watanzania wangapi wako nje, usianze Dodoma. Anza na sensa na rejesta za nchi walikokwenda, ujumlishe. Poland na Ujerumani ndio mfano unaofundishwa kila mahali: kwa miaka mingi Ujerumani iliandikisha Wapolandi wanaoingia mara kadhaa zaidi ya wale ambao Poland iliandika kuwa wametoka kwenda Ujerumani, kwa sababu Poland ilimhesabu tu aliyetoa taarifa kwamba anahama moja kwa moja.

Kwa Afrika Mashariki jihadhari na mambo mawili. Kwanza, "waliozaliwa Kenya" au "waliozaliwa Tanzania" katika sensa ya Uingereza ni pamoja na familia nyingi za asili ya Kihindi zilizoondoka miaka ya 1960 na 1970 na kutulia miji kama Leicester. Ni raia wa Uingereza siku nyingi. Ukitafuta diaspora ya kuiuzia viwanja vya Kigamboni, si hao uliowakusudia. Pili, kuna kujilipua. Kila aliyeishi majuu anamjua Mtanzania aliyeomba hifadhi kama Mrundi au Msomali. Kwenye takwimu za huko yeye ni Mrundi, na hakuna mbinu ya kitakwimu ya kumrudisha Tanga.

Hatua ya 6: Jua wakimbizi wamewekwa wapi

Umoja wa Mataifa, kwa nchi ambazo takwimu zao haziwahesabu wakimbizi, huchukua idadi ya shirika lake la wakimbizi, UNHCR, na kuiongeza juu. UNHCR humhesabu mkimbizi hata aliyezaliwa kambini: mtoto wa Nyarugusu, Kakuma au Dadaab ambaye hajawahi kuiona nchi ya wazazi wake. Kwa hiyo katika namba moja ya Kenya au Tanzania kuna waliozaliwa nje, halafu juu yao kuna watoto waliozaliwa humu humu.

Na kinyume chake hutokea. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa ukimbizi wa 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kwenye daftari la wakimbizi walitoweka. Waliozaliwa Burundi bado ni wazaliwa wa nje kwenye sensa, na watoto wao hawajawahi kuwa. Anayesoma grafu bila kujua hili ataandika kwamba Warundi walirudi kwao.

Hatua ya 7: Fungua faili lenyewe

Idara ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa hutoa bure jedwali la Excel la wahamiaji waliopo kwa kila nchi tangu 1990. Watu hukimbilia safu za namba. Wewe anza na ile nyembamba yenye herufi. B ni waliozaliwa nje. C ni raia wa kigeni. R ina maana wakimbizi wa UNHCR wameongezwa. I ina maana nchi haikuwa na data, namba imekadiriwa kwa kuangalia nchi nyingine. Kabla ya kupanga nchi kwa ukubwa, zitenge kwanza kwa herufi hizo, na zenye I uziondoe kwenye ushindani wowote. Kisha angalia tarehe ya toleo, kwa kuwa toleo la 2024 limerekebisha pia miaka ya nyuma. Usichukue 2010 kutoka toleo la zamani na 2024 kutoka jipya ukachora mstari kati yake.

Ukimaliza, andika sentensi yako ikiwa na vitu vitano ndani yake: kipimo, tarehe, aina ya hesabu, chanzo na toleo. Kwa mfano: "Kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa, toleo la 2024, katikati ya mwaka huo watu milioni 304 duniani walikuwa wakiishi nje ya nchi waliyozaliwa, au nje ya nchi ya uraia wao pale ambapo takwimu za kuzaliwa hazikupatikana." Ni ndefu, na mhariri atataka kuikata. Mwache akate "kwa mujibu wa". Sehemu ya kuzaliwa na uraia igombanie mpaka ibaki.